Wiki tatu nawawekea popo sumu ya panya

Naanza na aibu yangu mwenyewe ili tumalizane nayo. Kwa wiki tatu nzima mimi, mtu mzima na akili zangu, nilikuwa napanda darini kila Jumamosi na kisahani cha sumu ya panya, nakiweka vizuri pembeni ya boriti, nashuka, nasubiri. Jumamosi inayofuata napanda nakuta sumu iko vilevile, hata punje moja haijaguswa, vumbi tu ndio limeongezeka juu yake. Na kelele ziko palepale. Nikawaza hawa panya wajanja hawa, wameshaijua hii, nikanunua ya rangi nyingine. Nayo ikakaa. Mke wangu akawa ananiangalia tu nikipanda na kushuka, mpaka siku moja akaniuliza, "Baba watoto, hao panya wako huko juu wanakula nini?"

Sikuwa na jibu. Na ndio swali nililotakiwa kujiuliza siku ya kwanza kabla sijatoa hata senti.

Hawakuwa panya, walikuwa popo, wale wadogo wanaopenda kukaa kwenye mapaa, na popo hao chakula chao ni wadudu wanaowadaka hewani usiku. Kumwekea nafaka yenye sumu ni sawa na kumtegea paka kwa nyasi. Yani ningeweza kuendelea mwaka mzima.

Kwa hiyo leo naandika jinsi ya kujua nani yuko juu ya dari yako kabla hujanunua kitu chochote, kwa sababu nikipiga hesabu ya ujinga wote nilioufanya kwenye hii vita, karibu wote ulianzia kununua kwanza na kuchunguza baadaye.

Anza na masikio. Kabla hujapanda ngazi sikiliza siku mbili tatu, na usisikilize kelele tu, angalia na saa. Mbio na vishindo vya mchana kweupe mara nyingi ni ndege, au kindi kwa nyie mnaoishi kwenye kindi. Vifaranga vya ndege alfajiri havihitaji mtaalamu. Panya yeye anaanza giza likishaingia, utasikia mbio za mstari mmoja kutoka kona hii mpaka kona ile, halafu kimya, halafu kutafuna, krrr krrr krrr, ile ya saa nane usiku inayokufanya ugonge dari kwa ufagio kama kichaa. Popo ni tofauti, na hapa ndio nilipopotea mimi. Popo wanachakarika jioni kabla ya kutoka, vilio vyembamba na kukwaruza kama abiria wanaogombania mlango wa basi, inachukua muda kidogo halafu kimyaaa, unakuja kuwasikia tena karibu na alfajiri wakirudi. Mimi nilikuwa nasikia kelele magharibi na alfajiri, katikati hakuna kitu, ushahidi wote nimewekewa mezani, na bado kichwani nimeandika panya. Mvumo usiokatika, kama friji inayonguruma ndani ya ukuta, huo ni wa nyuki au nyigu, na hapo usipande kabisa, nitarudi kwao. Kile kimlio cha tk-tk-tk-tk cha ghafla halafu basi, huyo ni mjusi wa ukutani, mwache alale.

Ukishasikiliza ndio upande sasa. Panda asubuhi mapema, maana mchana chini ya paa ni tanuru, utaona kizunguzungu ukiwa sehemu mbaya. Tochi ya kuvaa kichwani ili mikono iwe huru, nguo za mikono mirefu, glavu, na barakoa ya kueleweka (ile ya N95, sio kitambaa). Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, nitakwambia kwa nini. Na kanyaga kwenye mbao tu, ubao wa dari haukubebi, umewekwa pale kuficha paa sio kubeba binadamu. Naongea kwa uzoefu, kuna siku mguu wangu ulitangulia sebuleni mwili ukabaki juu na mtoto wangu mpaka leo anawasimulia wageni.

Haya, tuongee mavi. Samahani kwa mnaokula, ila kinyesi ndio kitambulisho cha huko juu, mnyama mwenyewe utamwona mara moja kwa mwezi lakini kadi yake ameiacha kila mahali.

Kinyesi cha panya wadogo wa nyumbani kina urefu wa milimita 3 mpaka 6, kama punje ya mchele iliyoungua, na kimetawanyika ovyo njiani anakopita. Panya wakubwa wako wa aina mbili na ni muhimu ujue una yupi. Kuna panya wa paa, mwembamba, masikio makubwa, mkia mrefu kuliko mwili wake wote na kichwa, hodari wa kupanda, kinyesi chake ni kama milimita 12 na kimechongoka ncha zote mbili. Halafu kuna yule mnene wa kwenye mifereji na mashimo ya chini, mkia mfupi kuliko mwili, kinyesi kinafika milimita 18 hivi na ncha zake ni butu. Ukikuta cha kuchongoka darini ni kawaida, huyo ndio mwenyeji wa huko. Ukikuta cha butu jua tatizo lako linaanzia chini, kwenye bomba la maji machafu au shimo karibu na msingi, huko juu kaja kutembea. Kilicho kipya ni cheusi, kinang'aa na bado laini, cha zamani kimekauka kina rangi ya kijivu. Hii itakuokoa kupigana na panya waliohama mwaka juzi.

Mende anaacha vijipunje vidogo kama kahawa ya kusaga. Mjusi wa ukutani anaacha kipande cheusi chenye kidoa cheupe kwenye ncha moja, hicho cheupe ndio mkojo wake, hauwi maji. Ukiona cheupe kwenye ncha, wewe teremka tu, hakuna kesi.

Cha popo sasa. Kwa ukubwa kinafanana na cha panya mdogo, ndio maana watu wengi wanadanganyika, na mimi nikiwemo. Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi wa paa niliyemwita aje kuangalia sehemu inayovuja. Nikamwamkia shikamoo akaitikia marahaba mwanangu, akapanda, hakukaa hata dakika mbili akaniita. Akachukua kijiti, akakisukuma kipande kimoja juu ya karatasi, akakiponda. Kikasagika chote kikawa unga. Akaniwashia tochi kwa ubavu, nikaona kwenye ule unga vitu vidogo vidogo vinametameta kama mapambo ya kadi. "Hayo mabawa ya wadudu," akasema. "Panya wako tangu lini anadaka mbu?" Cha panya kikikauka ni kigumu kama jiwe, hakisagiki hivyo. Halafu akanionyesha kitu kingine, kinyesi cha popo kinakuwa rundo mahali pamoja, chini ya pale wanaponing'inia, na kwenye tundu la kutokea kunakuwa na doa la kahawia lenye mafuta kwa sababu ya miili kusugua kila siku. Nikaangalia nje nikaliona, doa limekaa pale pembeni ya ubao wa ukingo wa paa miezi yote hiyo na mimi napita chini yake.

Mtu mwenye busara hapo angeuliza afanye nini. Mimi nilisema ahsante mzee, na siku hiyohiyo mchana nikapandisha ngazi nikajaza lile tundu povu la kupuliza, lile linaloumuka. Nikashuka nimeridhika.

Saa moja jioni tumekaa sebuleni kikatokea kimoja. Kikapita juu ya vichwa vyetu bila sauti. Halafu cha pili. Halafu sijui vingapi, wanatokea kwenye kitundu cha waya wa taa, wanajikunja wanapita, popo ukimfungia mlango wake wa kutokea anatafuta mwingine, na mwingine uliobaki ulikuwa kwangu. Watoto chini ya meza, mke wangu amejifungia bafuni ananipa maelekezo kwa kupiga kelele. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba dawa yake ni ndogo tu: funga milango ya vyumba vya ndani, fungua madirisha yote ya nje, zima taa, toka kaa kimya, mwenyewe anatafuta hewa na anaondoka. Usimpige taulo, na usimshike kwa mkono mtupu hata kama ameanguka chini anaonekana amekufa. Popo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, jino lake ni dogo kiasi kwamba unaweza kung'atwa usingizini usione hata alama, na ugonjwa huo dalili zikishaanza hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo akikung'ata au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni saa sita usiku. Ukiamka ukamkuta chumbani alipolala mtoto, nenda pia. Hapa sina utani.

Njia yenyewe ya kuwatoa haihitaji hata kuua mmoja, inahitaji subira ambayo mimi sikuwa nayo. Unakaa nje na kiti magharibi, unaangalia wanatokea wapi. Usiku wa kwanza nilihesabu sitini na kitu nikapoteza hesabu, na nilikuwa nimeangalia upande mmoja tu, upande wa pili wa nyumba kulikuwa na tundu jingine dogo la wachache. Ukishajua milango yao, unaziba kwanza matundu mengine yote, yote, hata yale unayoona hayana maana, maana popo anapita kwenye upenyo mwembamba wa sentimita moja na nusu hivi. Kisha pale wanapotokea unaning'iniza wavu mwepesi wa plastiki, unaubana juu na pembeni, chini unauacha wazi ushuke kama nusu mita chini ya tundu. Popo akitoka anateleza ndani ya wavu anatokea chini, akirudi anatua palepale kwenye tundu kwa mazoea na anakuta wavu, hana akili ya kuzunguka chini. Unauacha wiki nzima, unasikiliza, ukiona hakuna anayetoka tena ndio unatoa wavu unaziba jumla.

Lakini usifanye wakati kuna watoto. Popo anazaa kidogo sana, mara nyingi mtoto mmoja kwa uzazi, na mtoto kwa wiki kadhaa za mwanzo hawezi kuruka, anabaki darini mama akienda kutafuta. Ukiweka wavu hapo mama hawezi kurudi, watoto wanafia juu ya kitanda chako, na harufu yake utaijua. Kwenye nchi za baridi watoto wanakuwepo kiangazi na wakati wa baridi kali nao wamelala usingizi mzito, hawatoki, kwa hiyo nafasi yako ni mwishoni mwa kiangazi kuelekea baridi. Kwenye nchi za joto kuna aina zinazozaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, huko hakuna njia ya mkato, panda mchana na tochi uangalie kama kuna vitoto vya rangi ya waridi visivyo na manyoya. Na uliza sheria kwanza, nchi nyingi zinawalinda, Uingereza kwa mfano tangu sheria ya mwaka 1981 kuwasumbua kwenye makazi yao ni kosa unaloweza kushtakiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nawachukia ila nikishafikiria idadi ya wadudu wanaokula kila usiku nikatengeneza kisanduku cha mbao nikakitundika kwenye mti mbali na nyumba. Mpaka leo kiko tupu, wananidharau.

Sasa kumbe nilipokuwa nasafisha upande wa popo nikafika mwisho kabisa wa dari, juu ya jiko, na pale nikakuta panya wa kweli. Yani nilikuwa nao pia! Vinyesi vya kuchongoka, njia nyeusi yenye mafuta kwenye boriti kama mtu amepitisha kitambaa kichafu, na waya wa umeme umetafunwa plastiki yote, shaba inang'aa kwenye mwanga wa tochi. Hapo nilikaa chini kwenye boriti nikatulia kidogo. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune kitu kigumu ayapunguze, na waya kwake ni kitu kama kingine chochote. Nyumba zinaungua kwa hii. Ndio maana nilisema zima umeme kabla ya kupanda, na ukikuta waya wa namna hiyo usifunge na gundi ya karatasi, ita fundi umeme.

Kuhusu sumu ya panya nina maneno mengi, nitajitahidi kuyapunguza. Sumu nyingi za siku hizi zinazuia damu isigande, panya anatokwa damu ndani kwa ndani na kufa baada ya siku kadhaa, mara nyingi kati ya 3 na 10. Ya kwanza maarufu ya aina hii ni warfarin, ilitokana na uchunguzi wa ng'ombe waliokuwa wanavuja damu baada ya kula majani makavu yaliyooza, ikaanza kutumika kama sumu ya panya mwaka 1948, na miaka michache baadaye dawa ileile kwa vipimo vya daktari ikaanza kutibu binadamu, wapo watu wengi tu wanaimeza kila siku kwa ajili ya moyo. Mwaka 1958 huko Scotland wakagundulika panya ambao haiwafanyi kitu, ndio zikaja kali zaidi kama bromadiolone na brodifacoum. Hizi kali zinakaa mwilini mwa panya, paka au bundi akimla naye anapata dozi.

Ila muuzaji atakwambia maneno mawili matamu. La kwanza, akishakula anapata kiu anatoka nje kutafuta maji anafia huko. La pili, anakauka hanuki. Yote mawili sio kweli. Anafia popote mwili ulipoishiwa nguvu, na mara nyingi ni kwenye kiota chake, ndani ya ukuta au katikati ya dari ambako mkono wako haufiki. Kabla ya hii nyumba nilishawahi kukaa na mmoja juu ya chumba cha kulala, harufu wiki mbili, halafu wakaja nzi wakubwa wa kijani wakawa wanatoka kwenye taa. Tangu hapo darini kwangu ni mitego tu.

Mtego ule wa kawaida wa kubana kwa springi ndio bado mfalme. Makosa ya watu wengi ni mawili. Kosa la kwanza ni mtego mmoja. Weka sita, weka kumi, usiku wa kwanza ndio wenye mavuno. Kosa la pili ni haraka. Panya wakubwa wanaogopa kitu kipya, ukiweka mtego leo wanaupita kwa mbali siku kadhaa, kwa hiyo paka chambo (siagi ya karanga inanasa vizuri, hawezi kuinyakua na kukimbia) halafu usiutege, waache wale bure siku tatu nne wazoee, siku ya tano ndio utege yote kwa pamoja. Panya wadogo wao ni tofauti, wana umbea, kitu kipya wanakuja kukiangalia usiku huohuo. Weka mtego kwenye njia zao, upande wa chambo ukigusa ukuta au boriti, na panya wa paa kwa kuwa anatembea juu juu fungia mtego kwenye boriti yenyewe kwa waya, la sivyo akinaswa mguu anaondoka nao. Hujui njia ziko wapi? Nyunyiza unga wa kawaida au poda kidogo kwenye vipande vya karatasi, acha usiku mmoja, asubuhi soma nyayo na mstari wa mkia.

Mitego ya gundi siipendi na sitaisifia. Mnyama anakaa hai siku nzima anajichuna ngozi, na inanasa mijusi na popo na vifaranga bila kuchagua.

Lakini mitego bila kuziba matundu ni kazi ya kuteka maji kwa pakacha. Panya mdogo mimba yake ni wiki 3 tu na anazaa watano, sita, zaidi kwa mkupuo, huwezi kumshinda kwa mtego. Zunguka nyumba na penseli. Penseli ikipita kwenye tundu, panya mdogo anapita. Dole gumba likipita, yule mkubwa anapita. Angalia pale mabomba na waya zinapoingia, chini ya kingo za bati au vigae, kwenye matundu ya hewa. Usitumie povu peke yake, analitafuna kama keki, mimi niliona alama za meno kabisa kwenye lile povu langu la popo. Tumia wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, saruji, kipande cha bati, au ile sufi ya chuma ya kusugulia masufuria ukiishindilia vizuri kisha juu yake silikoni, ila itafute isiyoshika kutu. Na matawi ya miti yakate yawe mbali na paa kama mita 2, maana panya wa paa anaruka kuliko unavyofikiria.

Na vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyotoa sauti ambayo eti panya tu ndio anaisikia, nilinunua viwili. Panya alikuwa anapita mbele yake. Nikaja kugundua mwaka 2001 mamlaka ya biashara ya Marekani iliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuhusu madai yao ya aina hiyo, mimi nimenunua miaka yote hiyo baadaye na furaha tele. Vidonge vya nondo vya nguoni navyo vinatupwa sana darini, havifukuzi popo wala panya, mvuke wake unashuka chini mnauvuta nyie.

Wengine nawapitia haraka haraka. Nyuki wakiwa wameshaweka masega usiwapulizie dawa na usizibe tundu, ukiwaua asali inabaki bila wa kuipoza, joto likija inayeyuka inachuruzika kwenye dari, halafu sisimizi na mende wanaalikana. Ita mfugaji wa nyuki aondoe na masega yote. Nyigu nao usiwazibie, wanaweza kutafuna dari ile laini wakatokea chumbani, subiri mtaalamu, usiku.

Ndege akishahama toa kiota mapema, kwa sababu utitiri wake ukikosa damu ya ndege unashuka kukutafuta wewe, watu wanahangaika na godoro wakidhani kunguni kumbe chanzo ni kiota cha juu. Ila kama kuna vifaranga subiri waruke.

Kwenye mbao, soma vumbi. Unga laini kama poda chini ya vitundu vya milimita moja mbili ni mbawakawa wanaobungua mbao. Punje ngumu kama mchanga, ukizitazama kwa lenzi zina pande 6, ni mchwa wa mbao kavu, hao hawahitaji udongo kabisa, koloni zima linaishi ndani ya kenchi yako. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani ni mchwa wa ardhini, bomoa kipande kidogo urudi baada ya siku chache, wakishakarabati ujue wapo. Dawa za boroni zinafanya kazi kwenye mbao ambayo haijapakwa rangi, lakini kabla ya dawa chukua bisibisi uchome chome mbao zinazobeba paa, ikizama kirahisi hilo sio suala la wadudu tena, ni suala la fundi.

Kusafisha. Usifagie mavi makavu, kabisa, hata kama ni kidogo. Kwenye kinyesi cha popo na ndege kunaota ukungu wa histoplasma ambao vumbi lake linaingia mapafuni, na mkojo na kinyesi cha panya navyo vina magonjwa yake. Fungua hewa nusu saa, changanya dawa ya klorini sehemu 1 na maji sehemu 9, lowanisha mpaka iwe chapachapa, subiri dakika 5 au zaidi, okota kwa karatasi, tia kwenye mifuko miwili, glavu zioshe kabla hujazivua. Mimi rundo la popo lilinitoa mifuko saba na sikumaliza siku moja. Rundo likiwa kubwa kuliko langu tafuta watu wenye vifaa.

Juzi usiku mke wangu kanigusa bega, "Umesikia?" Nikasikia. Nikaangalia saa, saa nane na dakika kumi. Nikavaa tochi, nikazima umeme, nikapanda taratibu mbao kwa mbao, nikamulika kona zote, wavu uko sawa, mitego iko sawa. Pembeni ya kimlango cha dari kuna kipande kimoja cheusi, kidoa cheupe kwenye ncha.

"Ni nani?" akauliza kutoka chini.

"Mjusi," nikasema, nikashuka kulala.